Taa Mbili za Mlangoni

3 Machi

Binti yangu,

Salamu. Mimi mzima, mgongo tu ndio haunipi raha. Wewe je, chuo kinakulisha?

Muuza mkate kaniambia ulisimama mlangoni kwangu Jumamosi, kisha ukaenda zako. Miaka thelathini na moja natengeneza redio bila mwalimu, na ufundi wako nilikutia mimi. Hata hodi imekushinda?

Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo. Pole na mgongo. Mimi sijambo, nakula vizuri.

Nilibisha mara tisa. Redio ilikuwa juu mpaka kioo cha dirisha kinatetemeka, nawe nakusikia unakohoa ndani. Nikasema basi, bado ana kinyongo kwamba niliiacha karakana yake. Njiani ile redio ikanirudia kichwani. Baba, wewe hujawahi kuifungulia vile.

Pokea kifurushi: transista mbili, kapasita mbili, rezista, taa mbili za LED na swichi ya mlangoni. Transista moja ikiamka humlaza mwenzake. Kapasita ikifika kiwango chake, zamu inageuka. Mgeni akibonyeza swichi, taa zinapokezana kuwaka, na hazihitaji sikio.

Mwanao

29 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Sikio langu halijambo, asante.

Kapasita mikrofaradi mia, rezista omu elfu kumi: sekunde moja. Mara 0.7, kisha mara mbili kwa zamu za taa mbili, sekunde 1.4. Mizunguko 43 kwa dakika. Hesabu haina kosa. Lakini taa moja imetoa macho, nyingine imelala fofofo. Ndiyo elimu ya chuo hiyo?

Baba yako

6 Aprili

Baba, shikamoo. Mgongo umetulia?

Naijua mikono yako: umekata miguu yote iwe sawa kabla ya kufunga chochote, kazi ionekane safi. Mguu mrefu wa kapasita ndio chanya; ukishakatwa, unabahatisha. Tazama ubavuni, penye mstari ni hasi. Moja umeigeuza, inavuja, na transista yake hailali. Itupe. Nyingine imo humu kwenye bahasha.

Mwanao

2 Mei

Marahaba, mama. Nimechelewa kwa aibu, si kwa mgongo.

Taa sasa zinapokezana. Nimezihesabu mbele ya saa ya ukutani: mara arobaini na moja kwa dakika. Mbili zilizopungua nawasamehe waliotengeneza kapasita. Umeona kosa mezani kwangu ukiwa huko, kwa kuijua tu mikono yangu! Mimi nisingeweza.

Sikio la kulia lilikufa mwaka juzi, la kushoto linafuata. Sikumwambia mtu, nani atampelekea fundi kiziwi redio? Zile hodi tisa sikusikia hata moja.

Swichi nimeifunga kulia kwa mlango, usawa wa bega lako, kwa kukisia. Kama nimekosea hata sentimita, njoo uipime mwenyewe.

Baba