Samaki wa Memsahibu Walikufa Jumanne

Shamba la Bwana Telfodi,
Njia ya Makambako, Njombe.
11 Novemba 1951

Kaka yangu mpendwa Ezekia,

Kamwene, kaka. Nakusalimu kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa wake, nikiomba barua hii ikukute mzima huko kwenye mkonge wa Tanga, na ile homa uliyoitaja iwe imekwisha kukuachia. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Mama anakula kidogo na kulala kidogo, lakini anatembea. Mvua bado haijaanza. Watu wamekwisha kulima, wanatazama juu tu.

Barua yako niliipokea Ijumaa pale Makambako, kwa mkono wa dereva wa lori. Nimeisoma mara tatu. Umesema umeomba ruhusa ya kuja, na kwamba kabla hujakanyaga kaburi la baba utapita kwanza kwa Shangazi Bertila, na ukitoka hapo nyumba yake haitakuwa na paa. Ndiyo maana naandika leo Jumapili, wenzangu wakiwa kanisani. Nataka maneno haya yakufikie kabla hujapanda gari.

Hali ya hapa si nzuri. Watu wanasema Shangazi alimpa baba togwa siku ya Jumatano, na Alhamisi baba akaanza kutapika. Wanasema alikunywa naye chungu kimoja, yeye asipate hata kichefuchefu. Uzima wake ndio wameufanya ushahidi. Wiki iliyopita tuliamka tukakuta mianzi yake yote imekatwa na kuachwa imelala chini. Watoto wakimwona wanakimbia. Kanisani benchi analokalia hubaki tupu. Juzi jirani yetu Mzee Enoki aliniambia, kwa sauti ya upole kama mtu anayezungumzia mbegu, kwamba watu hawana haraka, wanamngoja mwana wa kwanza wa marehemu. Yaani wewe.

Sasa nivumilie, kaka, kwa sababu lazima nianze na samaki.

Unajua kazi yangu hapa ni ya ndani ya nyumba. Mwaka jana Memsahibu alileta kutoka Nairobi samaki saba wa rangi ya dhahabu, si wa kula, wa kutazama tu. Wanakaa sebuleni ndani ya tangi la kioo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kuwatunza. Nilichota maji kwenye chemchemi ya juu, nikayaacha kwenye ndoo hadi kesho yake ili yasiwe ya baridi kupita yale ya tangini. Kila Jumatatu nilitoa theluthi moja ya maji ya zamani na kutia mapya. Chakula kilikuwa kidogo, na kilichobaki nilikiondoa, kwa kuwa kikioza maji hunuka na samaki huugua.

Mwezi wa Julai, wakati wa ile baridi yetu kali, waliota madoadoa meupe mwili mzima, kama mtu amewanyunyizia unga. Walikuwa wakijisugua kwenye mawe. Nilisogeza tangi karibu na moto, polepole, siku baada ya siku. Nikawa nawaogesha kwenye beseni la maji ya chumvi na kubadilisha maji yao kila siku ya pili. Wote saba walipona. Memsahibu alifurahi mno, akaniita daktari wa samaki, akamwomba mumewe aniandikie barua nikasomee udresa hospitalini, ile kazi ya kusafisha na kufunga vidonda. Unajua tangu utoto nimeitamani kazi hiyo. Mpaka hapo Mungu alikuwa upande wangu.

Mwezi wa Oktoba Memsahibu alisafiri kwenda Dar es Salaam. Chemchemi ya juu ilikuwa imepungua, ndoo moja ikichukua muda mrefu kujaa. Jumatatu ile nikaona uvivu, nikachota kwenye kijito, kile kile kinachoteremka hadi kwetu.

Jumanne asubuhi samaki watatu walikuwa wamekufa. Wanne waliobaki walikuwa juu kabisa, midomo nje, wanatweta, miili imejaa ute. Kwanza nilidhani ni kosa langu. Nikanusa maji, nikakagua ndoo, nikatafuta madoa meupe, hakuna. Ndipo nikawatoa wawili nikawatia kwenye beseni la maji ya chemchemi, wawili nikawaacha tangini. Kufika alasiri wale wa tangini walikuwa wamekufa. Wale wa beseni walikuwa wanaogelea.

Nikafuata kijito kwenda juu. Karibu na josho la zamani la ng'ombe nilikuta mfereji mpya umechimbwa hadi majini. Majani ya kando yake yalikuwa ya njano. Vyura walikuwa wamelala matumbo juu. Nilimkuta Yoeli, anayechunga ng'ombe wa Bwana Telfodi, akaniambia kwamba Jumamosi Bwana aliamuru josho lipunguzwe nusu kwa sababu wanajenga jipya, na ile nusu nyingine itafunguliwa mvua zikianza. Kaka, dawa ile ya kuogeshea ng'ombe ni sumu ya arseniki. Kwenye mapipa yake wamechora fuvu la kichwa.

Nilikwenda kwa Bwana nikamweleza yote. Hakukasirika. Aliniambia ule ugonjwa wa samaki umerudi. Kisha akafungua mtoto wa meza, akanionyesha ile barua ya udresa, imekwisha kuandikwa, inangoja saini tu. Akasema hospitali haimtaki mtu mwenye domo. Akairudisha, akafunga.

Nami nikanyamaza. Nilijiambia kwamba samaki ni mdogo kama kidole na mtu ni mkubwa, kwamba maji yanatembea, kwamba kesho yatakuwa safi.

Ulipouliza kwenye barua yako ya kwanza kama baba alisema neno lolote kabla ya kuugua, nilikujibu kwamba sikuonana naye. Nilikudanganya. Jumatano ile alikuja. Alisimama kwenye mlango wa jiko, kofia mkononi, kama alivyozoea akifika nyumba ya Mzungu. Nilimpa chai. Akaniambia ndama wawili wamekufa tangu jana, na mke wa Enoki ameumwa tumbo, na yeye ana mashaka na kijito. Akasema amekuja kwangu kwa kuwa mimi ndiye ninayejua habari za maji. Akaniuliza, "Mwanangu, maji yale yanafaa?"

Nilisikia viatu vya Bwana vikipita barazani. Nikamjibu, "Yanafaa, baba. Ni majani yameoza, kiangazi hiki."

Alinishukuru. Alimaliza chai yake, akasuuza kikombe mwenyewe, akaenda. Njiani alipita kwa dada yake akapewa togwa, iliyopikwa kwa maji ya kisima cha nyuma ya nyumba yake, maji ambayo hayana kitu. Akafika nyumbani akiwa na kiu, akanywa ya kijito, kwa sababu mimi nilimwambia yanafaa. Alhamisi nzima alitapika. Jumamosi tulimpoteza. Siku tuliyozika, Bwana alitia saini ile barua, akanipa.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaambia wanawake wachote chemchemi ya juu, bila kuwaambia sababu. Wengine wananisikiliza. Leo mawingu yamejikusanya upande wa Ludewa, na nusu ya josho bado imejaa.

Jana nilimweleza Mchungaji Nikodemo wa kanisa letu kila neno. Kisha nikaenda kwa Shangazi. Alikuwa amekaa kati ya mianzi iliyokatwa. Alinisikiliza hadi mwisho, hakulia. Aliniuliza jambo moja tu, kama baba aliumia sana. Nikasema ndiyo. Akaingia ndani akafunga mlango. Kesho asubuhi mimi na Mchungaji tunakwenda boma la Njombe kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Hatujui tutapokewaje. Ile barua ya udresa nimeitia motoni.

Mama bado sijamwambia. Nimeshindwa. Ukifika, tutamwambia pamoja, au utamwambia wewe.

Wasalimie wote wa kwetu walioko kambini kwako. Mama anakusalimu, anauliza kama blanketi bado linakufaa. Mungu akulinde safarini. Na ukishuka kwenye gari ukiwa na ule moto uliouandika, usiende kwa Shangazi. Njoo kwangu. Mlango wangu ni wa pili nyuma ya jiko, sitaufunga.

Ni mimi niliyezaliwa nyuma yako,
Efraimu