Vitufe Kumi na Sita

Jumanne, 2 Septemba 2025

Imefika! Nimechukua mzigo stejini Mweiga saa nne asubuhi. Boksi limebonyea kona moja, nimelibeba kwapani kama kuku. Nimelifungua kabla hata ya kuvua gambuti. Kibao cheusi cha plastiki, ukubwa wake hauzidi daftari. Juu yake vitufe vya mpira, nne kwa nne, kumi na sita. Unagonga kwa vidole, kompyuta inatoa mlio wa ngoma. Chenyewe hakina sauti. Ndicho cha bei ya chini kabisa kwenye ukurasa wao, na mtu mmoja alikuwa ameandika chini ya picha: usinunue. Nimenunua.

Mume wangu, Kinyua, alikuwa ametoka kukata nyasi ya ng'ombe, akauliza ni nini hiyo. Nikamwambia kwa Kiingereza zinaitwa pads. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Ati ataambia watu wa maziwa bibi yake amenunua pedi za kompyuta. Haya. Tutaita vitufe.

Sababu yenyewe sijamwambia. Naandika hapa tu. Miaka kumi na moja nimepiga drams kanisani, na tangu niteleze zizini mwezi wa tatu, kifundo cha mguu wa kulia kina chuma. Kinanifikisha sokoni, lakini hakikunjiki. Na ngoma kubwa inapigwa kwa mguu wa kulia. Nilijaribu mara moja mwezi wa sita, kanisa likiwa tupu. Nilipiga dakika mbili, nikazifunika drams na kitambaa chake, nikatoka. Siku hizi Muriithi, kiongozi wa kwaya yetu, anachomeka flash kwenye spika na midundo inatoka humo. Mimi nakaa kiti cha nyuma kabisa.

Lakini vidole niko navyo vyote kumi, na hakuna kilicho na chuma.

Tarehe 21 ni tamasha la kwaya, Nyeri mjini. Siku kumi na tisa. Zinatosha!

Jumatano, 3 Septemba

Vinawaka taa – nyekundu, bluu, kijani, maridadi kama Krismasi. Laptop haioni kitu. Nimechomeka, nimechomoa. Nimezima, nimewasha. Nimejaribu matundu yote matatu. Nimepakua programu nne, moja ikaniletea matangazo ya kamari nikaifuta. Karatasi ya maelezo ni Kichina upande mmoja, na upande wa pili Kiingereza cha kubahatisha kinachoniambia nichomeke na nifurahi. Nimechomeka.

Kinyua amepita nyuma yangu akasema hii kitu iko na taa lakini haina maneno.

Ijumaa, 5 Septemba

WAYA! Ilikuwa ni waya!

Mwalimu Gaudencia, yule anayekodi nyumba yetu ya mbele – kwao ni Bungoma, anafundisha fizikia sekondari – alikuja jioni kuchukua maziwa yake akanikuta nimeshika kichwa. Aliangalia bila kugusa chochote. Kisha akauliza natumia waya gani. Ule uliokuja ndani ya boksi, nikamwambia. Akanieleza kwamba waya zingine ni za kupitisha moto tu, za kuchaji simu. Habari hazipiti. Ndiyo maana taa zinawaka na laptop haijui kama kuna mgeni.

Alienda kwake akarudi na waya wa simu yake. Tukachomeka. Ting! Kifaa kimeunganishwa.

Nilimkumbatia mwalimu na jagi la maziwa mkononi mwake. Tulilowa wote wawili.

Siku tatu nimelaumu laptop, nimelaumu mtandao, nimelaumu hata mguu. Waya!

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ndefu. Naandika yote nisije nikasahau.

Boksi linaahidi programu ya ngoma ya bure, lakini inataka namba iliyo kwenye stika, na stika imesuguliwa. Hii ni O au sifuri? Hii ni B au nane? Tulijaribu mpaka tovuti yao ikatufungia nje. Mwalimu akasema tuachane nao, kuna nyingine ya bure kabisa. Sawa – lakini huku kwetu bondeni mtandao unatambaa. Tulipanda na laptop na simu mpaka kwenye tangi la maji, tukakaa kwenye nyasi saa nzima tukila viazi vya kuchemsha huku ikipakuliwa. Milima ya Aberdare ilikuwa wazi, hakuna wingu. Nilimweleza Mwalimu habari ya mguu pale juu, yote, hata ile ya kanisa tupu. Hakunipa pole. Aliuliza ni kidole gani kina nguvu zaidi.

Tukarudi. Nikagonga kitufe cha kwanza. Ikatoka filimbi. Cha pili – matoazi. Cha tatu, kimya. Cha nne, kengele ya ng'ombe, na Kinyua akachungulia kutoka zizini.

Kumbe kila kitufe hutuma namba tu, na programu ndiyo inaamua namba gani ni ngoma gani. Kibao changu kinatuma namba za kwake, programu inangoja zingine. Ile ya kuzibadilisha ndani ya kibao imekataa kufunguka, basi tukazibadilisha upande wa laptop, moja moja. Mwalimu alichora jedwali kwenye daftari la mazoezi kama yuko darasani. Nagonga, anasoma namba, anaandika, tunachagua mlio. Kumi na sita! Cha chini kushoto ndicho tulichokipa ngoma kubwa.

Nikakigonga na kidole cha shahada. Dum.

Tena. Dum. Dum-dum.

Miezi sita. Nililia mbele ya mwalimu, nikamwambia ni moshi. Jiko letu ni la gesi.

Jumapili, 7 Septemba

Kanisani ibada nzima nimepiga vidole juu ya Biblia. Wimbo wa pili kina mama wa safu ya mbele walitaka kurudia ubeti, walikuwa wamepata moto, lakini flash haijui moto. Iliisha. Wakaimba wenyewe kidogo halafu wakakaa mmoja mmoja. Ningekuwa pale mbele wasingekaa!

Jumatano, 10 Septemba

Mazoezi kila siku baada ya kukamua. Vitufe vilikuwa vigumu, lazima nigonge kama napasua kuni, kidole gumba kilivimba. Leo nimegundua mahali pa kuvilainisha kwenye programu. Sasa nikigusa polepole vinalia polepole, nikikaza vinakaza. Hii ndiyo nilikuwa nataka! Kitufe cha sita tu ndicho kinalia mara mbili nikigusa mara moja, kama mtu mwenye kigugumizi. Nimekinyima kazi.

Nimemwambia Kinyua sababu. Hakucheka. Aliuliza tu mazoezi ya kwaya ni saa ngapi, jioni hizo atakamua yeye.

Jumapili, 14 Septemba

Afadhali nisingeenda.

Baada ya ibada nilimwomba Muriithi dakika tano. Alikubali vizuri tu. Kwaya yote ikakusanyika kuangalia, watu ishirini na mbili, wengine wanapiga picha. Nikaunganisha laptop kwenye spika za kanisa. Muriithi akahesabu, wakaanza, nikaanza.

Sauti ilikuwa inachelewa. Nyumbani ilikuwa inachelewa pia, lakini kidogo, na nilikuwa peke yangu, masikio yangu yalishaizoea. Kwa watu wanaoimba haiwezekani. Nagonga, mlio unakuja nyuma. Nikajaribu kuwahi, wao wakanifuata kule nilikowahi, mlio ukaja tena nyuma. Ubeti wa pili waimbaji wa sauti ya tatu walikuwa mstari mwingine kabisa. Mtu akacheka. Wimbo ukafa.

Muriithi hakunikosea adabu. Ni mtu mpole, ndiyo maana inauma. Alinisaidia kukunja waya mwenyewe. Akasema, "Wakonyo, hiyo kitu inachelewa. Nyeri tutaenda na flash. Mwaka ujao tutaona."

Nilitembea mpaka nyumbani. Sikutaka kupanda kitu chochote.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijakigusa. Nimekirudisha kwenye boksi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekitoa kwenye boksi!

Mwalimu alirudi kutoka shule akiwa na karatasi imejaa mwandiko wake. Amekuwa akisoma wakati wa chakula cha mchana. Laptop, anasema, hukusanya sauti kwanza kama mtu anayengoja ndoo ijae ndipo aibebe. Ndoo yetu ilikuwa kubwa mno. Kuna programu ndogo ya bure inayokuruhusu uchague ndoo. Tulikuwa kwenye 1024. Tukashuka mpaka 128 – mlio ukaja papo hapo, lakini unakwaruza kama mtu anakaanga njugu. Tukapanda 256. Kwaruzo likaisha.

Nikagonga. Kidole na mlio pamoja. Pamoja kabisa!

Nilipiga nyimbo zote sita za tamasha bila kusimama. Mwalimu aliimba sauti ya pili, na hajui Kikuyu. Kinyua aliegemea mlangoni na ndoo ya maziwa, ya kweli. Baada ya wimbo wa nne akasema nimwite Muriithi. Nikasema Muriithi ameshaamua. Akasema basi mwite anywe chai.

Alhamisi, 18 Septemba

Alikuja. Muriithi alikunywa vikombe viwili kabla hajaangalia mezani. Alikaa na koti lake, kama mtu ambaye hatakaa sana. Nikamwambia aimbe kitu chochote, mimi nitamfuata.

Alianza ule wimbo wa kufungulia, polepole. Nikaingia. Aliangalia vidole vyangu, halafu akaacha kuviangalia, akafunga macho. Mwisho wa ubeti wa tatu akarudia mstari. Hilo haliko kwenye daftari la nyimbo – alikuwa ananipima! Nikamshika. Akarudia tena, akapandisha, nikapandisha. Akasimama ghafla katikati ya neno, nami nikasimama hapo hapo, ng'ombe tu wanasikika.

Akavua koti.

Tuliendelea karibu saa moja. Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni. Akasema tangu mwezi wa tatu amekuwa akiwaongoza watu wafuate mashine, na kwamba amechoka. Kisha akasema, "Jumapili ukuje nayo. Mimi nitaambia kwaya."

Nimeita Mwalimu kwa kelele kutoka jikoni mpaka mbuzi wa jirani wakajibu.

Jumapili, 21 Septemba

Nyeri. Niko kwenye veranda ya nyuma ya kanisa, daftari juu ya goti. Naandika haraka, mwandiko ndio huu.

Tulifika mapema, na Mwalimu pia. Mlima unaonekana wote leo mpaka theluji. Kwaya kumi na moja zimekuja, za Murang'a ziko na sare za zambarau, za Kiganjo ziko na tarumbeta. Sisi ni wa sita. Niliweka kila kitu mezani, waya wa Mwalimu, kibao, nikawasha laptop.

Inajifanyia update.

Jana niliiunganisha na simu kidogo tu, nichukue mlio mmoja wa matoazi. Kumbe ilikuwa inakusanya mambo yake kimya kimya. Sasa kioo kizima ni bluu, kimeandikwa usizime kompyuta yako. Ilianza asilimia nne. Kwaya ya tatu walipopanda ilikuwa kumi na tisa. Walipomaliza, kumi na tisa.

Na betri imekufa siku nyingi, laptop hii inaishi kwa moto wa ukutani tu. Tundu la hapa verandani limelegea. Plagi ikicheza kidogo taa ya chaja inazimika, na ikizimika kabisa katikati ya hii kazi, Mwalimu anasema inaweza isiwake tena.

Kwaya ya tano wako ndani sasa. Muriithi alikuja akaangalia kioo. Flash iko mfukoni mwake, naijua, naona umbo lake. Niliangalia chini. Nilikuwa tayari kumwambia aende nayo, kweli, maneno yalikuwa mdomoni. Aliuliza, "Ni ngapi?" Nikasema thelathini na nane. Akageuka akaenda.

Amerudi. Amezungumza na wasimamizi, ati sisi tutakuwa wa mwisho, wa kumi na moja. Watu wetu wamenung'unika – kuna wa kuwahi kukamua, kuna wenye watoto. Amewaambia wakae.

Kisha akakunja suruali ya suti yake nyeusi magotini, akapiga magoti kwenye saruji, akashika plagi ukutani kwa mikono miwili.

Arobaini na moja. Mwalimu amemletea mto wa kiti, amekataa kusogea.

Ndani wanapiga makofi. Kwaya ya sita wanaitwa, mahali petu. Sauti ya kwanza wameanza kuimba chini chini hapa verandani, wakijipasha, na bila kufikiri vidole vyangu vimeingia juu ya kibao kisicho na sauti, na Muriithi, palepale alipo, anahesabu mapigo kwa kutikisa kichwa.

Arobaini na tano. Taa ya chaja inawaka. Hajatoa mkono.