Kitambaa cha Sinema Kimekuwa cha Kuanikia Omena

Homa Bay, Jumapili, 1968

Na bado nina hasira. Ouma, aliyenunua ukumbi wetu wa sinema Mhindi aliyeumiliki alipohama, ameufanya ghala la mahindi. Kile kitambaa kikubwa cheupe tulichoonyeshea picha amekikata vipande, anaanikia omena, vile visamaki vya ziwani.

Miaka sita nilisimama kando ya kitambaa hicho kila Jumamosi, nikiwaeleza watu kwa Kijaluo yale waliyokuwa wakisema Wazungu wa kwenye picha. Kina mama walilia kwa maneno yangu.

Leo nilimwendea ghalani, nikamwambia, "Ouma, ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize wewe kama nani? Ulikuwa unadanganya watu. Kiingereza hukijui."

Wapakiaji wake wakacheka. Kilichoniuma ni kwamba ni kweli. Niliishia darasa la nne, na nusu ya yale maneno niliyatunga mwenyewe. Nimeishi nikiogopa siku mtu atakapolisema jambo hilo hadharani. Kumbe ni huyu.

Nikamjibu mbele ya watu wake, "Na wewe ulilia Jumamosi tatu mfululizo kwa ajili ya yule mtoto aliyepotea kwenye picha. Ulilia kwa uongo wangu."

Wapakiaji wakarudi kwenye magunia ya mahindi. Nilipofika mlangoni Ouma akanifuata, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini yule mtoto, kwao alirudi kweli?"

Mimi mwenyewe sijui; picha iliisha mtoto akiwa bado njiani, na maneno ya mwisho sikuyaelewa. Ningeweza kumwambia alirudi, kama nilivyowaambia wote. Nilimtazama tu, nikaenda zangu.

Akae na swali lake humo ndani na magunia yake.