Nusu Uwanja Mtupu

Nyumba ya Dobi,
mlango wa uani,
Jumapili alasiri.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na kile kikohozi ulichomtajia Mama kwenye simu kimekuacha. Vaa soksi ndefu kama alivyokwambia, maana usipovaa lawama zinanirudia mimi niliye karibu. Sisi huku hatujambo. Mama ana nguvu, mke wangu ana nguvu zaidi, na mimi nina bega moja zima na jingine lisilopanda juu ya sikio. Ubavu unauma nikicheka, lakini hilo halinisumbui, kwani tangu jana sijacheka.

Kazi inakwenda. Pasi ya mvuke uliyotuachia bado inatema maji upande wa kushoto, na bado tunaitandikia kitambaa kilekile. Ile hoteli ya kona haijaacha kutuletea mashuka yenye rangi ya midomo na kudai doa tumelitia sisi. Chumba cha mbele tumekipaka rangi upya, ila roshani ya juu iko vilevile kama ulivyoiacha. Hiyo roshani nitairudia, tulia kwanza.

Mjomba, nimekasirika. Nakwambia mapema usije ukadhani nimeshika kalamu kukusalimia tu. Raga yako imerudi. Ile ya kupiga mpira juu na kusukumana, waliyoiita raga ya mababu siku walipokuvua ukocha kwenye mkutano wa klabu, imerudi imevaa suti mpya, na watu wale wale wanaipigia makofi. Uliondoka ukasema hutakanyaga uwanja ule mpaka watu wapate akili. Sasa sijui wameipata au ndio wameipoteza kabisa.

Kocha wetu wa sasa tunamwita Mishale, kwa sababu hawezi kukwambia hata choo kiko wapi bila kukuchorea mshale mwekundu kwenye skrini. Mwanzoni mwa msimu alituketisha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kile chenye benchi la miguu mitatu, akatufunulia jambo analoliita "shinikizo la anga". Alieleza kwamba siku hizi waamuzi hawaruhusu wachezaji kumkinga mwenzao anayesubiri kudaka, kwa hiyo ukiupiga mpira juu sana na winga akaukimbilia, una nafasi nzuri ya kuupata tena. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia kitu hicho kina jina, kinaitwa mnara, na mjomba wangu alikuwa akikifundisha hapa hapa yeye akiwa bado hajaota ndevu.

Akanitazama kwa huruma kama ya daktari. "Kaka, ule ulikuwa mpira wa kubahatisha. Hii ni sayansi."

Sayansi gani? Mpira ni ule ule, unapanda kule kule, na anayetumwa kwenda kukanyagwa chini yake ni mimi.

Wewe unajua sikuwahi kuupenda mnara. Sikukuficha wakati ule na sikufichi leo. Winga ni mtu wa kupewa mpira pembeni na kuambiwa nenda. Ndiyo maana uliniita Kiberiti, ingawa Mama anasema jina lile lilitokana na hasira zangu. Ulipoondoka na timu ikaanza kucheza kwa kupasiana, mimi nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa kamba. Sasa nina miaka thelathini na nne, msimu huu ndio wa mwisho, nimemwahidi mke wangu na nimeliahidi hili bega. Kabla ya kutundika daluga nilitaka kitu kimoja tu. Nipewe mpira kuna nafasi mbele yangu, nikimbie mpaka nyuma ya mstari wao, niuguse chini. Trai moja ya miguu yangu mwenyewe. Hayo ndiyo yaliyokuwa maombi yangu yote.

Basi msimu mzima nimekimbia nikitazama mawingu. Kinyozi ndiye mpigaji wetu, na tangu apewe ruhusa ya kupiga juu anajiona mtu wa maana kuliko klabu yenyewe. Ukikaa kwenye kiti chake anakusimulia mikwaju yake mpaka unatoka umenyolewa upande mmoja. Wale wanane wetu wazito wa mbele nao hawataki kusikia habari ya pasi. Wakiupata mpira wanaukumbatia, wanafungana pamoja na kusukuma hatua kwa hatua kama watu wanaohamisha kabati kwenye ngazi. Hata benchi la akiba limejaa mabonge watupu. Kuna mmoja tunamwita Friji, akiingia kipindi cha pili unasikia ardhi inalalamika. Nami nasimama pembeni nimefunga kamba za viatu vizuri, nasubiri pasi ambayo haiji.

Lililoniuma zaidi ni kwamba hata huo mnara nilikuwa siuwezi. Mechi ya kwanza niliangusha, ya pili niliangusha, ya tatu uliniangukia kichwani. Mishale akanichorea mshale unaotoka uwanjani kwenda benchi. Nikakaa kati ya mabonge, nimebanwa kama soksi iliyosahaulika ndani ya foronya. Hapo ndipo nilipoikumbuka roshani.

Bila shaka unakumbuka adhabu yako ile. Taulo mbichi za hoteli, umezifunga ndani ya shuka, unazidondosha kutoka juu na mimi niko uani natakiwa kudaka. Nikiangusha, nafua upya peke yangu. Majirani walidhani tumechanganyikiwa. Nikamweleza mke wangu, shingo upande, nikitumaini atakataa. Mjomba, hakukataa. Alipanda ngazi zile mbio kama mtu anayewahi zawadi, na tangu hapo kila jioni baada ya kufunga duka ananidondoshea mizigo huku akikumbuka makosa yangu yote ya ndoa.

"Macho juu, bwana. Hili la jana la kusahau gesi." Na mzigo unashuka.

Bega hili ni kazi yake, si ya wazima moto tuliocheza nao jana. Lakini siwezi kusema uongo, mikono ilirudi. Nilikumbuka ulivyoniambia nigeuke ubavu, nipande na goti mbele, nisiukumbatie mpira mpaka uguse kifua. Nikarudishwa kikosini. Sikurudishwa kama winga lakini, nilirudishwa kama kapu. Kila zoezi Mishale anapiga kelele tuudake na tuupige tena juu palepale, mpira usikae mkononi. Daka, piga, kimbiza. Wiki baada ya wiki, mpaka nikawa naota hivyo, na mke wangu anasema usiku nampiga mateke.

Sasa nikueleze ya jana, halafu utaniambia kama nina haki ya kukasirika.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, sisi na wazima moto, na kwangu ilikuwa ya mwisho kabisa. Mama alikuja na kiti chake akakiweka palepale ulipokuwa ukisimama wewe, karibu na bendera ya katikati. Walikuwa wametuzidi pointi mbili na muda ulikuwa unayoyoma. Nilikuwa nimedaka minara yote niliyopigiwa, nikalambishwa udongo kila mara, na sikuwa nimekimbia na mpira hata mara moja. Roho ilikuwa imeshakata tamaa.

Kinyozi akapiga mnara mwingine. Nikaukimbilia, nikaruka pamoja na mlinzi wao wa nyuma, nikautoa juu ya kichwa chake. Yeye akaanguka, mimi nikatua kwa miguu. Sijui ilikuwaje, siku zote natua kwa mgongo. Nikainua uso, Mjomba, na mbele yangu hapakuwa na mtu. Wengine wao wote walikuwa nyuma yangu au upande wa pili. Ilikuwa majani tu mpaka kwenye mstari. Nusu uwanja mtupu, ile ile niliyoiomba msimu mzima, na pengine miaka yote.

Nikaupiga mpira juu.

Sikuwaza. Mkono ulidondosha, mguu ukapiga, na nilipopata akili mpira ulikuwa umeshapanda juu ya nguzo za taa, nami nimesimama na mikono mitupu natazama majani yale. Mzima moto mmoja alirudi mbio akaudaka, na alipogeuka Friji alikuwa amefika. Akamlaza chini na mpira wake, jamaa akakataa kuuachia kama sheria inavyotaka, mwamuzi akatupa penalti. Kinyozi akaweka mpira chini, akapiga kati ya milingoti, pointi tatu, tukashinda.

Nikabebwa juu juu. Mishale alinikumbatia akasema ule ulikuwa uamuzi bora wa msimu wote, atauonyesha kwenye skrini. Uamuzi gani? Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa na trai mguuni nikaitupa angani, lakini nani angenisikiliza? Wote wanafurahi. Hakuna hata mmoja aliyeona zile nyasi. Mke wangu ananipongeza, kinyozi amenitangazia kunyolewa bure, na mimi jana nimelala nikihesabu hatua ambazo sikuzikimbia. Hakuna mechi nyingine. Nimeshatoa daluga nje, zimening'inia kwenye kamba ya nguo pamoja na mashuka ya hoteli.

Yupo mmoja tu aliyeona, na huyo ndiye aliyenimaliza. Nilipomfikia Mama alikuwa bado ameketi wakati wengine wote wamesimama. Nilidhani analia kwa furaha ya ushindi, nikainama kumpa mkono.

"Ulikuwa na njia nyeupe, mwanangu," akasema. "Mtu wa kuona njia nyeupe halafu akapiga mnara namjua mmoja tu. Leo nimemwona kaka yangu."

Halafu akanishika uso kwa mikono miwili, na aliyekuwa akimtazama hakuwa mimi. Nikakosa hata pa kuiweka hasira yangu. Mechi yangu ya mwisho, na aliyeicheza ni wewe.

Njia nzima ya kurudi alikuwa amekishikilia kile kiti, hakutaka nimbebee. Asubuhi hii nimemkuta kwenye chumba chako cha uani, ametoa maboksi ya sabuni tuliyoyarundika humo na anafuta dirisha. Nilipomuuliza kuna nini, alisema chumba kina vumbi. Ana miaka mingi anajua kina vumbi, Mjomba.

Nisalimie mkaza mjomba, mwambie ile shali aliyotuma, Mama haivui hata jikoni. Wasalimie binamu zangu wawili, yule wa malori apunguze mwendo na yule mdogo ajibu simu za watu. Mke wangu anakuamkia na anasema kama kuna makosa yangu ya utotoni ambayo hayajui umwandikie, bado ana taulo. Mungu akulinde wewe na goti lako, akupe usingizi mzuri na safari njema siku utakayoamua kusafiri.

Uliapa hutakuja mpaka watu wa huku wacheze unavyotaka. Haya, wanacheza unavyotaka. Hata mimi nimecheza unavyotaka, bila kuombwa, siku niliyotaka kucheza ninavyotaka mimi. Sina tena cha kukupa. Mchezo wako umerudi, Mjomba. Bado wewe.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Kiberiti