Kigari cha Bahati Nasibu na Magoti ya Mama

Mpendwa mshauri, sijawahi kuandikia gazeti hata siku moja na mke wangu akijua atanicheka wiki nzima, lakini naomba msaada wako kabla mwezi haujaisha. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na sita, mkazi wa hapa hapa Maebashi, nafanya kazi kwenye kiwanda cha vipuri, sinywi, sichezi kamari ya pachinko, na ulevi wangu tangu ujana ni mmoja tu, nao ni vile vigari vifupi vya klachi vyenye mlango wa nyuma wa kunyanyua na injini yenye hasira, ambavyo ukivikuta vimeegeshwa utadhani ni vya kwendea kununua tofu ya chakula cha jioni lakini ukikanyaga mafuta kwenye kona za Mlima Akagi unajiona na wewe ni mtu. Nilipokuwa kijana kigari kama hicho kipya kilikuwa yeni milioni mbili na nusu, hata fundi wa kawaida alikipata kwa kujibana, nami nikasema ngoja nioe kwanza, nikaoa, bei ikapanda, nikasema ngoja tujenge, ikapanda tena, ngoja binti amalize shule, ikapanda tena, kila nikiikaribia inanikimbia, na leo ni milioni tano na ushei, na hata ukiwa nazo mkononi huuziwi, unaingizwa kwenye bahati nasibu ya kupata ruhusa ya kununua, tena unatia sahihi kwamba hutakiuza kabla mwaka haujaisha.

Basi mwaka huu nikashinda. Muuzaji, Bwana Tsukui, alinipigia simu akasema, “Hongera sana, mteja wetu. Tafadhali tuthibitishie kabla mwezi haujaisha, maana baada ya hapo bei itabadilika.” Nikamuuliza, “Itashuka?” Akacheka, kwa adabu lakini alicheka.

Sasa kama unavyojua, gari haliandikishwi mpaka polisi waone lina mahali pa kulala, na nyumbani kwetu pana nafasi ya gari moja tu, nayo ni ya kigari cha mke wangu Chizuru, kile cha kuchekesha chenye paa la juu kama kabati, kwa hiyo nikakumbuka kile kipande cha shamba kando ya nyumba ya mama yangu, mtaa wa pili, ambapo tangu baba afariki analima vitunguu majani. Ardhi ni yake, ni lazima agonge muhuri kwamba ameridhia. Mama ana miaka sabini na tisa, nikaona nikimweleza habari za injini na kona tutakesha, nikampelekea keki za maharage matamu nikamwambia, “Mama, nataka kununua gari la kukupeleka kliniki ya magoti.” Akaniangalia. “Jipya? Kwa ajili yangu?” Nikasema ndiyo. Akainuka mwenyewe kwenda kuufuata muhuri, na kuinuka kwake ni kazi.

Jumamosi nilipokwenda kupima nafasi nikakuta vitunguu vyote ameshaving'oa, bado vyembamba, amewagawia majirani, ardhi ameisawazisha kwa jembe, na ndani ameshona mto wa zambarau wa kukalia kwenye kiti chake cha mbele. Kubwa zaidi, nafasi yake kwenye basi dogo la kliniki amempa Bibi Yagi wa ng'ambo ya barabara kuanzia mwezi ujao, “maana mimi nina mwanangu.” Lakini mshauri, gari lenyewe lina milango miwili tu ya abiria, viti vyake vinabana mbavu na viko chini karibu na lami, hata mimi natoka kwa kujisukuma. Chizuru alipoiona picha aliuliza, “Mama ataingiaje humo? Mtamkunja?”

Swali langu ni hili: ninunue sasa au nisubiri, huenda bei ikashuka? Na mama nimwelezeje ili asijisikie vibaya?

Mpenda Klachi, Maebashi

Bibi Orihara anajibu:

Bei haitashuka. Hilo Bwana Tsukui ameshakujibu kwa kicheko, na kicheko ndicho kitu pekee utakachopata bure dukani kwake.

Nakuhurumia kidogo, na huruma hiyo nitaitoa mapema isije ikatusumbua. Wenye kiwanda cha magari wamekufanyia dhihaka. Kigari kilichoundwa kwa ajili ya fundi kijana sasa kinanunuliwa na madaktari wa meno wanaokifunika turubai wasije wakakichafua, na wewe uliyekiota tangu una nywele unaambiwa uombe bahati upate heshima ya kumaliza akiba yako. Kukasirika una haki. Huruma imeishia hapo.

Barua yako imejaa bei. Bei ulipooa, bei ulipojenga, bei leo. Mama yako umemkumbuka ulipohitaji muhuri. Umeyachukua magoti ya mwanamke wa miaka sabini na tisa ukayafanya maegesho, halafu unaniuliza kama bei itashuka. Sikujui, bwana, lakini nimekuchukia kwa dakika kadhaa, na nimelazimika kunywa chai kabla ya kuendelea.

Hata huo uongo hukuupanga vizuri. Mama yako huenda kliniki siku gani? Hukuandika, na naamini hujui. Kliniki za namna hiyo hufunguliwa siku za kazi, na siku za kazi wewe uko kiwandani. Tuseme gari lingekuwa refu na laini kama kitanda, bado lingelala pale palipokuwa na vitunguu, na mama angekaa kibarazani amepakata mto wake, akikusubiri. Unafahamu kwamba asipofanya mazoezi ya kliniki magoti yatakaza? Unafahamu kwamba kuanzia mwezi ujao hana usafiri, na aliyemnyima ni wewe?

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kusoma, simu ya kwanza ni kwa kliniki. Waombe nafasi nyingine kwenye basi, na usithubutu kumnyang'anya Bibi Yagi, naye ana magoti. Wakikwambia basi limejaa, nenda kwa msimamizi wako kazini, inama vizuri, omba ruhusa ya saa chache siku za kliniki, kisha muombe mkeo kigari chake na ukirudishe kimejaa mafuta. Ni kile unachokidharau, chenye paa la juu kama kabati. Mama yako anaingia humo bila kukunjwa na mtu.

Simu ya pili ni kwa Bwana Tsukui. Mwambie nafasi yako ampe anayefuata. Ukitaka kulia, lia kwenye simu hiyo, yeye amezoea wanaume wanaolia. Siku moja ukizidiwa, kodisha kigari kama hicho, zunguka Akagi mpaka tumbo lichafuke, ukirudishe jioni. Na msimu wa kupanda ukifika, jembe utalishika wewe, mama atakaa pembeni akuelekeze unavyokosea.

Umeniuliza umwelezeje asijisikie vibaya. Atajisikia vibaya, na ni haki yake. Nenda leo, bila keki. Piga magoti kwenye mkeka, wewe yako bado yanakunjika, na useme, “Mama, lile gari lilikuwa langu. Nilikudanganya.” Usitaje bei.

Kwa kuwa nimewajua akina mama wa umri ule maisha yangu yote, najua atakuuliza kama umekula, na atasema, “Basi si neno. Linunue tu mwanangu, mimi kliniki nitafika hata kwa miguu.”

Hiyo si ruhusa, na ole wako ukiipokea kama ruhusa. Kwa miguu hafiki. Angekuwa anafika, asingekuwa na haja ya kliniki.