Shingo ya Pikipiki

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako anayekukumbuka kila siku. Habari za mafunzo? Na mguu ule uliokuwa ukivimba ukisimama wodini kutwa, umepoa? Sisi huku wazima. Mwanao anakula vizuri na hesabu bado anazikimbia, kwa hiyo usiwe na shaka, ni wa ukoo wetu.

Utakuwa umesikia kwamba nimenunua pikipiki. Si hizi za kubebea abiria. Ni lile dude la safari ndefu, lina kioo cha kukinga upepo, masanduku mawili ya pembeni na kiti cha nyuma kipana kama kochi. Umri wake unakaribia wangu. Aliyeniuzia ni mpimaji ardhi mstaafu aliyezunguka nalo miaka kumi na tano. Alinipigia simu mwenyewe mara tatu, nami sikukumbuka kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipomwomba anipakie kidogo nisikie mwendo, alisema mgongo unamsumbua, akalisukuma kwa mikono mpaka barabarani. Mkewe alikuwa dirishani. Alimwambia amweleze mtoto wa watu. Mzee akajibu kwamba atanieleza, kisha akanipa funguo, akaniombea safari njema na kufunga geti.

Mwezi wa kwanza nililiringia mtaa mzima. Mumeo ndiye aliyenisikiliza kuliko wote, nami nilimwambia kwamba jicho la fundi halinunui kimeo, halidanganywi na kitu kibovu.

Wiki tatu zilizopita usukani ulianza kutikisika nikikimbia. Nikavua tangi. Pale shingoni, usukani unapoungana na fremu, chini ya rangi mpya, nilikuta ufa ambao mtu aliwahi kuuchomelea na ukafunguka tena. Nikausaga, nikachomelea upya, nikapaka rangi. Ilikuwa kazi safi, dada, ungeisifu. Lakini mimi ni fundi wa mageti, na geti halisafiri. Jumapili nilipochungulia, mstari mwembamba wa kutu ulikuwa umepita katikati ya rangi yangu; ufa umefunguka tena. Tangu hapo sijalipanda. Wanaoniuliza nawaambia mafuta yamepanda bei.

Leo asubuhi mumeo amekuja na begi na mtoto. Amesema miezi mitatu bila wewe imemshinda, anataka kukushtukiza, na kwa jinsi nilivyolisifu dude langu, anaomba nimwazime waje nalo wote wawili. Akaniuliza kama lina tatizo lolote. Nikamwambia halina neno.

Dada, kofia ndogo ya mtoto nimeificha nyuma ya mitungi ya gesi. Nimesema imepotea, na bila kofia mtoto hasafiri. Amebaki, amenuna, hataki hata kuniangalia. Kwa hiyo usije ukasema sikujua. Nilijua. Nilichoshindwa ni kumwambia mwanaume anayeniamini kwamba hata mimi Cheche niliuziwa kimeo, nikakipaka rangi. Naona aibu, na aibu yenyewe naiona ndogo mno kwa kitu ninachokifanya. Hata sasa ninavyoandika yuko uani anafunga begi, injini inaunguruma, na kutoka mezani hapa mpaka alipo ni hatua kumi. Mdomo umekuwa mzito. Nimeiweza kalamu tu, na bahasha hii nampa yeye mwenyewe akuletee.

Asirudi nalo. Mfichie funguo, gombana naye ikibidi, mpakie kwenye basi. Mweleze yote niliyokuandikia, na akitaka kuja kunipiga aje.

Ananiita, anasema jua linapanda. Nisalimie wenzako wa wodini, na mguu uupumzishe. Naomba Mungu barua hii uipokee kutoka mkononi mwake. Ukiletewa na mtu mwingine, dada, usinisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Cheche