Kaka Yangu Anadhani Mwanangu Anatafuta Dhahabu Chuoni

Mpendwa Shangazi Melania,

Kama umenizidi umri shikamoo, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi tusameheane, nakuandikia nikiwa sikai nikatulia, nikishika sufuria naiacha, nikitoka mlangoni narudi, na hapa sokoni Nyasubi ninapouza dagaa jana nimempimia mteja mara mbili akaondoka anacheka. Nakuomba unisikilize hadi mwisho maana mimi niliishia darasa la nne na jambo langu huwa nalianzia mbali. Majina ya watu humu nimeyabadilisha.

Mwanangu Violeth ana kazi kwenye chuo kimoja hapa Kahama, mkataba wa majaribio, anashughulika na ule mtandao usio na waya, waifai, ambao wanafunzi wanaushika kwenye simu na kompyuta zao. Chuo kimeongeza majengo na mtandao haufiki kote, hivyo yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupanga vifaa vipya vikae wapi. Sasa namna anavyoifanya hiyo kazi ndiyo imeniletea haya yote. Anavaa buti, anashika kishikwambi mkononi, mgongoni ana mfuko wenye antena mbili zimetokeza kama pembe za ndama, anatembea polepole ameinamisha kichwa, anasimama, anarudi nyuma kidogo, anazunguka pale pale, halafu anainama anagonga kigingi chenye kitambaa chekundu. Shangazi, wewe ni mtu wa huku, nikikueleza hivyo unaona nini?

Kaka yangu Ngassa aliona hicho hicho unachokiona wewe. Ni kaka yangu wa tumbo moja, mchimbaji wa siku nyingi kule Masumbwe, na baba yake Violeth alipofariki ndiye aliyetulisha, ndiye aliyeuza ndama ili mtoto aende sekondari. Alikuja na gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akapita njia ya ukuta wa chuo, akamwona mpwa wake kazini, na alipofika nyumbani hakugusa chakula. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ananiita ilumbu, yaani dada, kama tulivyozoea kwetu.

"Ilumbu, ile detekta mtoto kapewa na nani?"

Nikamwambia ile si mashine ya dhahabu, mtoto anatafuta mtandao. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mtandao si wameutundika wenyewe ukutani? Kitu ulichokitundika mwenyewe unakitafutaje tena kwenye majani?"

Jioni nikamuuliza Violeth kwa kuzungukazunguka, akaniambia, "Mama, naangalia unafika wapi na unaishia wapi, kuta zinaumeza." Sikuelewa, nikaitikia tu. Jibu hilo nikampelekea kaka, na hapo ndipo nilipoharibu, maana alisema kule mgodini mtu aliyeona dhahabu hasemi dhahabu, atasema anachimba choo, atasema anachimba kisima, sasa mpwa wake kasoma, ndiyo maana kasema mtandao. Kadiri mtoto anavyokana ndivyo mjomba anavyozidi kuamini.

Wiki iliyopita akaja na mfuko wa udongo, kumbe amepenya kwenye pengo la ukuta nyuma ya bweni la wasichana, akang'oa kigingi kimoja na kuchota chini yake. Akauosha uani kwangu, kwenye karai langu la kufulia, anazungusha maji taratibu, na sikufichi, pale chini palibaki vitu vinang'aa, nimeviona kwa macho haya. Siku hiyo hiyo Violeth akarudi macho yamevimba, kigingi hakipo, mkubwa wake kamwambia asiyeweza kulinda kigingi atalindaje mtandao wa chuo, na ikitokea tena mkataba hauendelei. Na vigingi vya nyuma ya bweni ndivyo anavyovipigania kuliko vyote, kwa sababu wasichana wa pale ikifika jioni wanatoka hadi barabarani kushika mtandao na wapo walioporwa simu. Mimi nikasonga ugali. Mjomba alikuwa amekaa hapo hapo, akampa pole.

Sasa Ngassa ameuza ng'ombe wake wa kulimia, yule Tegemeo na mwenzake, amekusanya vijana, na wiki ijayo wanafunzi wakifunga chuo wataingia mchana wakijifanya vibarua wa kufyeka nyasi, sururu zimo kwenye magunia, wachimbe vigingi vyote vya upande ule. Amenikataza kumwambia mtoto, anasema nisimtie majaribuni na kazi yake, fungu lake litatengwa. Chuo kina walinzi wenye bunduki. Nikimwambia Violeth, atamshitaki mjomba aliyemlea. Nikinyamaza, kazi ya mtoto inafukiwa kwenye shimo hilo, na kaka yangu naweza kuletewa akiwa kwenye turubai. Na kibaya zaidi, Shangazi, moyo wangu wenyewe unaniuliza, je kama kweli ipo? Maana Violeth akiongea na wenzake kwenye simu nasikia, nyuma ya bweni hakuna kabisa, jikoni ipo kali sana. Ni kitu gani hicho kiko jikoni na bwenini hakipo? Niambie niegemee wapi, maana kote kunachoma.

Mama asiyetulia,
Nyasubi, Kahama

*

Mama usiyetulia,

Marahaba, nadhani nimekuzidi. Umebadilisha majina ya watu ukaliacha la ng'ombe, ambaye Masumbwe nzima wanamjua. Hilo nimelibadilisha mimi.

Taa ya uani kwako umeitundika mwenyewe, sivyo? Lakini kuku wakianza kupotea, huzunguki nyumba kuona mwanga unaishia wapi? Nyuma ya choo giza, nyuma ya banda giza. Hapo hutafuti taa, unatafuta giza. Ndiyo kazi ya Violeth. Mtandao unatoka kwenye kifaa chake kama mwanga, tofali linaukata, bati linaurudisha, na kwa kuwa macho hayauoni, anayeupanga lazima apite na chombo akanyage kila kona. Jikoni upo mkali kwa sababu kifaa kiko karibu na jikoni. Nyuma ya bweni haupo, na pale usipokuwepo ndipo anapogonga kigingi, ili nguzo ya kifaa kipya isimame. Umenielewa? Kigingi kinaonyesha mahali pasipo na kitu. Kaka yako ameuza ng'ombe akachimbe mahali ambapo mtoto amepima akakuta hakuna.

Vile vinavyong'aa ni chembe za mawe tu, fagia uwanja wako uoshe taka zake, utaviona vilevile. Ngassa anajua hilo kuliko mimi na wewe. Mchimbaji wa siku nyingi akipata kitu hakipeleki kwenye karai la dada yake, anakipeleka kwa mnunuzi. Mwulize kwa nini hajampelekea. Atakuambia ni siri. Siri gani hiyo yenye kundi la vijana na magunia ya sururu? Hajaenda kwa sababu anaogopa kuambiwa.

Na wewe nikugombeze kidogo, huku nakupa pole. Ulimuuliza mwanao, akakujibu kweli, ukaitikia kitu usichokielewa, kisha ukaenda kukieleza kwa mwingine. Ungesema, "Ng'wanone, mwanangu, sijaelewa, nieleze tena," tusingekuwa hapa. Nani alikuambia mtu wa darasa la nne haruhusiwi kuuliza mara mbili?

Leo, kabla hujainjika maji ya ugali, mwambie Violeth kwamba mwizi wa kigingi ni mjomba wake. Usizunguke. Mwambie alichokwisha kung'oa na siku anayotaka kurudi. Unaogopa atamshitaki, lakini huyo ni mjomba wake pia, mpe nafasi ya kuchagua kabla walinzi hawajamchagulia. Aende kwa mkubwa wake aseme kwa mdomo wake kwamba kigingi kiling'olewa na ndugu yake. Itamuuma, na siwezi kukuahidi kwamba mkataba utapona. Ila jambo hilo akilisema yeye ni ukweli, mlinzi akiligundua ni njama ya familia nzima.

Kisha aombe ruhusa mjomba aingie kwa lango, mchana kweupe, mikono mitupu. Ampe kile kishikwambi akishike. Mchimbaji haamini maneno, anaamini mkono wake. Atembee kutoka jikoni kuelekea nyuma ya bweni, polepole kama mpwa wake, aone vistari vya mtandao vikipungua kimoja kimoja hadi vinakwisha kwenye kigingi. Akitoka hapo asipitie popote, amfuate aliyemnunua Tegemeo, amkomboe ng'ombe wake kabla mvua hazijaanza. Na najua unachowaza, kwamba nguzo zinahitaji mashimo na Ngassa ana sururu. Usithubutu kumwomba Violeth amtafutie kibarua. Akitaka kuchimba apange foleni kwa mkandarasi kama wenzake.

Akikataa kuja, wewe mwenyewe nenda langoni ukawaambie walinzi wasimruhusu na wasimuumize. Ndugu aliyezuiwa langoni atakununia hadi mavuno. Aliyepigwa risasi hatakununia kamwe.

Na siku hiyo ya kutembea, nenda nao. Omba zamu yako, shika chombo na vidole vyako hivyo hivyo vyenye harufu ya dagaa. Vistari vikikwisha, simama hapo kidogo. Pale ulipo, binti wa mwenzio jioni hawezi kumwita mama yake kwa simu. Ndicho mwanao alichokuwa anakitafuta ameinamisha kichwa.

Shangazi Melania